Bandu Bandu Huisha Gogo: Cyrene na Mito Yetu ya Mchanga

Nilikuwa nimealikwa katika shule moja ya upili huko Wote kuzungumzia asili ya majina ya mahali, nami katika kutoa mifano nikautaja mji wa Cyrene, uliojengwa na Wagiriki wa kale kaskazini mwa Afrika. Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "mji uliokufa kule Libya unatuhusu nini sisi wa Makueni, ambao hata maji ya kunywa tunayachimbua mtoni?" Wenzake wakacheka. Jibu nililotoa siku hiyo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Leo nataka kulipa deni hilo.

Cyrene ulizaliwa na njaa. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba kisiwa cha Thera kilikosa mvua kwa miaka saba, ikabidi baadhi ya vijana wateuliwe kwa kura, ndugu kwa ndugu, wavuke bahari wakatafute makao mapya. Kiongozi wao aliitwa Battus. Wapo waliodai kuwa jina hilo lilitokana na kigugumizi chake. Herodotus alishikilia kwamba ni neno la Kilibya lenye maana ya mfalme. Wahamiaji hao walihangaika pwani kwa miaka kadhaa, hadi wenyeji walipowaongoza bara kwenye chemchemi, wakawaambia kuwa hapo mbingu ina tundu. Walimaanisha kwamba hapo mvua hunyesha. Mji ukaanzishwa mwaka wa 631 K.K. hivi, kando ya maji yale.

Ustawi wake ulikuwa mkubwa. Nchi ilitoa nafaka na farasi, lakini fahari yake ilikuwa mmea wa silfio, uliotumiwa kama dawa na kiungo cha chakula. Picha yake ilichorwa kwenye sarafu za mji. Ulikuwa mmea wa porini, na waliousaka walikuwa wengi kuliko waliouhifadhi. Katika karne ya kwanza, Pliny wa Roma aliandika kwamba wakodishaji wa malisho waliona faida zaidi katika kulisha kondoo mmea huo, na kwamba katika siku zake ulionekana mche mmoja tu, ukapelekwa kwa mfalme Nero kama kioja.

Hapa ndipo wengi hufunga kitabu, wakisema kuwa silfio iliisha na mji ukafa. Sivyo. Baada ya mche ule wa Nero, Cyrene uliishi kwa karne kadhaa zaidi. Ulipatwa na maasi ya mwaka 115 hadi 117 yaliyouharibu vibaya, ukapigwa na tetemeko la ardhi la mwaka 365, ukadhoofika polepole. Uliweza kustahimili muda wote huo kwa sababu ulipoteza bidhaa yake lakini haukuipoteza chemchemi yake.

Sasa turejee Ukambani. Sisi nasi tulikuwa na silfio yetu, nayo ni pembe za ndovu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilitawala njia ya kutoka Kitui hadi pwani. Kama watu wa Thera, Wakamba waliokimbia njaa walianzisha makazi karibu na Mombasa, na makazi hayo yakawa vituo vya biashara. Mfanyabiashara aliyevuma zaidi alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Ni katika ziara ya kwa Kivoi ambapo mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya mnamo Desemba 1849, na jina la nchi yetu lina asili yake katika jina la mlima huo. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika shambulio karibu na Mto Tana. Baadaye ndovu walipungua, na misafara ya Waswahili na Waarabu ikajipenyeza hadi bara. Mwishoni mwa miaka ya 1890 reli ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikaiacha Kitui kando.

Biashara ile ikafa, lakini watu hawakufa nayo. Hata baada ya njaa kali ya Ngomanisye, iliyokuja wakati mmoja na reli, walirudi kulima na kufuga. Waliwezaje? Jibu liko katika swali la yule kijana: maji waliyachimbua mtoni. Mito yetu mingi hukauka juu, lakini mchanga wake hushika maji ya mvua na kuyakinga na jua kwa miezi mingi. Ndiyo sababu wananchi wa Kitui na Makueni hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji huzuia mchanga, mchanga nao ukahifadhi maji.

Leo mchanga huohuo hupakiwa kwenye malori ukajenge maghorofa ya mijini. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti mwaka 2018. Lakini sheria haina macho usiku, na kijana asiye na karo hushawishika upesi. Simlaumu, nalaumu hesabu aliyofundishwa, ambayo huhesabu bei ya lori moja na kusahau kisima cha kijiji kizima.

Basi, kijana wangu wa Wote, jibu langu ni hili. Watu wa Cyrene walimaliza silfio, na babu zetu waliwamaliza ndovu. Wote walipata hasara kubwa, lakini walibaki na mahali pa kuteka maji. Sisi tukiuza mchanga tutakuwa tunauza chemchemi yenyewe, na hatutakuwa na pa kurudi. Walimu wenzangu, mnapofundisha habari za miji ya kale, watoeni wanafunzi darasani, wakasimame kwenye kingo za Kaiti au Tiva, wapime kina cha mchanga. Bandu bandu huisha gogo. Na mto nao huisha, lori baada ya lori.