Plaiwudi Inapopanda Mlima

Je, wajua kwamba ubao wa plaiwudi ulionunuliwa Mwanga mjini, kule chini kwenye joto na ukavu, na kupandishwa siku hiyohiyo hadi Msangeni, katika milima ya Ugweno ambako ukungu hufunika migomba, huanza kunywa unyevu kabla fundi hajafungua mfuko wa zana zake? Ndiyo tabia ya mti, ambao hata ukikatwa, ukikaushwa na kugandishwa kwa gundi, hauachi kuvuta maji na kuyatoa kwa kadiri ya hewa inayouzunguka. Na mwenye kughafilika na tabia hiyo, sakafu yake hutuna kwenye maungio na kulia kila ikanyagwapo.

Plaiwudi yenyewe ilibuniwa ili kuitawala tabia hiyo. Ubao mzima hutanuka kidogo mno kwa urefu wa nyuzi zake, na sana kwa upana. Basi mafundi wakaugawa mti katika matabaka membamba, wakayapanga nyuzi za hili zikikata nyuzi za lile, kila tabaka likimzuia mwenziwe. Sanaa hii ni kongwe, kwani katika piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, huko Sakkara nchini Misri, lilipatikana jeneza la mbao za matabaka sita. Katika viwanda vya leo, kama vya Mafinga, gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu likafunguka mithili ya jamvi lililokunjwa, kisha matabaka hupakwa gundi na kushindiliwa kwa moto. Na idadi yao aghalabu huwa witiri, tatu, tano au saba, ili nyuzi za uso wa juu na za chini zielekee upande mmoja, ubao usije ukapinda. Nami hupendelea plaiwudi iliyotokana na miti ya kupandwa, nikiikumbuka misitu ya Usambara Mashariki, iliyotoa magogo mengi kwa plaiwudi ya Tanga kabla ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani kuanzishwa humo mwaka 1997.

Atakaye kutandika plaiwudi juu ya sakafu ya zamani, na aichunguze kwanza ile ya chini. Ikiwa ni ya saruji, abandike kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, kingo zote zikizibwa kwa utepe, akiache usiku na mchana. Akikuta matone chini yake, maji yangali yanapanda kutoka ardhini, na kazi ingoje hadi chanzo chake kitibiwe. Ikiwa ni ya mbao, zilizooza ziondolewe, zinazocheza zikazwe kwenye boriti, na palipoinuka papigwe randa, kwa maana plaiwudi hufuata umbo la kilicho chini yake, haikirekebishi.

Mbao za plaiwudi zilazwe chumbani siku mbili tatu, zikitenganishwa kwa vipande vya papi ili hewa ipite, zizoee mahali. Wakati wa kutandika, urefu wa ubao uzikate boriti, na pembe nne zisikutane mahali pamoja. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita tatu hivi, ambayo fundi huipima kwa kuchomeka msumari mwembamba, na kando ya ukuta sentimita moja, itakayofichwa baadaye. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuona fahari mbao zikibanana barabara siku ya kazi, ilhali masika yakija hazina pa kwenda ila juu. Skrubu ni bora kuliko misumari, kwani msumari hulegea taratibu na kuanza kulia; zikazwe kila sentimita 15 pembezoni na 30 katikati, vichwa vikizama kidogo tu chini ya uso.

Na kabla ya ubao wa kwanza kulazwa, mlango ung'olewe bawabani ukatwe chini, kwa sababu ubao wa milimita 18 huinua sakafu yote kwa kadiri hiyo, na mlango unaofungukia ndani hautafunguka tena.