Nani Atamlipa Wakili wa Aliyefilisika?

Katika kumbukumbu za mahakama ya shirikisho ya kusini mwa Georgia, Marekani, kuna kesi ya mwaka 1995 ya mama aliyelazimika kufuta sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Hakuwa mgonjwa wala hakufiwa. Akaunti yake ya benki ilikuwa imefungwa kwa sababu ya deni, ilhali alikuwa amekwisha kufungua shauri la kufilisika, na sheria ilikwisha kuwaamuru wote wanaomdai wakae mbali na mali yake. Mahakama haikuona shida kuamini kwamba mama huyo aliumia moyoni. Nani asingeumia, akiwa ndiye wa kumwambia mtoto kwamba sherehe haipo tena?

Ninaikumbuka kesi hiyo kila ninapoulizwa kuhusu madeni ya Marekani, na siku hizi naulizwa mara nyingi, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu huko: madereva wa malori, wauguzi wasaidizi, wanafunzi. Sisi tumelelewa na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa hiyo ndugu anapofilisika hujificha, na mdai anapoendelea kumsumbua hata baada ya mahakama kumkataza, hunyamaza akidhani anastahili. Hastahili. Amevunjiwa haki, na haki hiyo ina bei inayoweza kudaiwa kortini.

Tuanze na zuio lenyewe. Mtu anapowasilisha ombi la kufilisika kwenye mahakama ya ufilisi, iwe chini ya Sura ya 7, ambayo humfutia madeni mengi katika muda wa miezi minne hivi, au Sura ya 13, ambayo humpangia malipo ya miaka 3 hadi 5, zuio dhidi ya wadai huanza papo hapo. Halisubiri jaji asome faili wala atie saini. Simu za kudai zikome, kesi ya deni isimame, makato ya mshahara yakatike, nyumba ya rehani isiuzwe, gari lisivutwe usiku. Yapo mambo ambayo zuio haliyagusi, kama mashauri ya jinai na matunzo ya watoto. Aliyekwisha kufungua shauri jingine likatupwa ndani ya mwaka uliotangulia hupata zuio la siku 30 tu, asipoomba liongezwe mapema. Sheria wala haimtaki mwombaji awe raia: anayeishi Marekani, au mwenye biashara au mali huko, anaruhusiwa kuomba.

Mdai akivunja zuio hilo kwa makusudi, kifungu cha 362(k) cha sheria ya ufilisi kinasema mtu aliyeumizwa atalipwa hasara yake halisi, pamoja na gharama za shauri na ada za wakili, na pale inapostahili anaweza kupewa pia fidia ya adhabu. Neno “makusudi” huwatisha watu bure. Haihitajiki kuthibitisha kwamba mdai alikuwa na chuki au nia mbaya. Inatosha kwamba alijua kuna shauri la kufilisika, na kitendo alichofanya alikusudia kukifanya. Mdai anayejitetea kwamba alidhani sheria inamruhusu kwa kawaida hapati nafuu.

Maneno matatu katika kifungu hicho, “ada za wakili”, ndiyo yanayobeba uzito wote. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wamezoea mahakama zinazomwamuru aliyeshindwa alipe gharama za kesi. Marekani si hivyo. Kanuni ya msingi kule ni kwamba kila upande unamlipa wakili wake, hata ulioshinda, isipokuwa sheria au mkataba useme vingine. Sasa tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi katika nyumba ya wazee mjini Columbus, Ohio. Amewasilisha ombi la kufilisika Jumatatu. Ijumaa anafungua karatasi ya mshahara na kukuta dola 300 zimekatwa kwa ajili ya kadi ya mkopo. Wakili wake anapiga simu. Kampuni inasema itaangalia. Wiki mbili baadaye zinakatwa nyingine 300. Wakili anayetoza dola 300 kwa saa, akitumia saa 10 kuandika maombi na kwenda kortini, amekwisha kumaliza dola 3,000 ili kurudisha dola 600. Hakuna mtu mwenye akili angefanya biashara hiyo. Na kampuni inalijua hilo vizuri kuliko mama.

Ndiyo maana nasema haki ya kutosumbuliwa, bila ya mtu wa kumlipa wakili, ni maandishi tu. Mufilisi hana akiba, na kama angekuwa nayo asingekuwa kortini. Sheria inapomwambia mdai, “Ukivunja zuio utalipa na wakili wa huyo unayemwonea,” mizani inageuka: sasa ni kampuni inayopiga hesabu kama dola 600 zinastahili ugomvi.

Hata hivyo, mawakili walibishana miaka mingi juu ya maneno hayo matatu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 9, inayohudumia majimbo ya magharibi kama California na Nevada, ilishikilia kwamba wakili alipwe kwa kazi ya kuukomesha uvunjaji wa zuio tu. Mara mdai alipoacha au kurudisha alichochukua, saa zote ambazo wakili angetumia kudai fidia zilikuwa juu ya mufilisi mwenyewe. Fikiria maana yake. Uliyenyang'anywa gari kwa wiki 3 ukafukuzwa kazi, ukirudishiwa gari lako, basi fidia ya kazi iliyopotea ukaitafute kwa fedha zako. Huo ulikuwa ukuta mbele ya mlango ambao sheria ilikuwa imeufungua.

Ukuta huo ulibomolewa Oktoba 2015, na mahakama ileile, majaji wake wakiwa wamekaa jopo kubwa. Kesi ilitoka Nevada. Nyumba ya mama mmoja ilikuwa imeuzwa na kampuni iliyosimamia mkopo wake wa rehani, wakati jaji alikwisha kutamka kwamba zuio linarejea. Mahakama ya ufilisi ilimpa dola 40,000 kwa hasara na maumivu ya moyo, dola 20,000 za adhabu na dola 20,000 za wakili. Kampuni ikakata rufaa, ikashindwa, na mama akaomba alipwe pia gharama za kujitetea kwenye rufaa hiyo. Jopo likakubali. Jaji Paul Watford, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba Bunge lilitaka aliyeumizwa aweze kwenda mahakamani, na wachache katika walioko kwenye ufilisi wangeweza kumudu wakili bila ada hizo. Kwangu mimi huo ni usomaji sahihi wa sheria. Hasara haijakwisha siku mdai alipoondoa mguu wake shingoni. Inakwisha siku aliyeumizwa aliporudishwa alipokuwa.

Hasara halisi zenyewe nyingine ni rahisi kuhesabu: mshahara uliokatwa, nauli za teksi kwa sababu gari limechukuliwa, faini za benki, siku za kazi zilizopotea kortini. Maumivu ya moyo ni magumu zaidi. Mahakama nyingi zinayafidia, lakini zinataka yawe makubwa, yatokane na kitendo cha mdai, na yatofautike na hofu ya kawaida ya mtu aliyefilisika. Daktari husaidia, mke, jirani au mchungaji wa kanisa aliyeona mtu halali usiku naye husaidia. Na kuna mambo yanayojieleza. Pennsylvania, miaka ya 1980, mdai mmoja aliingia usiku nyumbani kwa aliyemdai, akazima taa, akajifanya kumwekea bunduki kichwani. Hapo nani atadai cheti?

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyekopa dola 1,100 kutoka kampuni ya mikopo midogo iliyomilikiwa na kabila la wenyeji wa asili wa Wisconsin. Alipofilisika, kampuni iliendelea kumtafuta kwa simu na barua pepe. Alieleza mahakamani kwamba msongo ulimfikisha mahali pa kujaribu kujiua. Swali lililofika juu halikuwa juu ya maumivu yake, bali kama kabila, lenye kinga ya kutoshitakiwa, linafungwa na sheria ya ufilisi. Majaji 8 kati ya 9 walisema linafungwa. Dola 1,100! Nasisitiza kiasi hicho kwa sababu tunapenda kudhani madhara makubwa hutoka kwenye madeni makubwa. Anayepigiwa simu mchana na usiku hahesabu deni lake ni dola ngapi. Anahesabu simu.

Fidia ya adhabu hutolewa kwa nadra zaidi, kwa mdai aliyefanya ukatili, aliyerudia, au aliyedharau. Mwaka 2017 Jaji Christopher Klein wa Sacramento aliiamuru Bank of America ilipe fidia ya adhabu ya dola milioni 45 baada ya nyumba ya familia moja kuuzwa zuio likiwa hai, na familia kuzungushwa kwa miaka. Akaelekeza sehemu kubwa ya fedha hizo ziende kwa vyuo vya sheria vya Chuo Kikuu cha California na mashirika ya kuwatetea watumiaji. Pande mbili baadaye zilipatana. Wapo wanaosema jaji alizidisha. Mimi naona alitaja tatizo lililo wazi: kwa taasisi yenye ukubwa huo, fidia ya dola elfu chache ni gharama ya kawaida ya ofisi, kama wino wa printa.

Yote haya yanahusu kipindi shauri likiwa wazi. Shauri likifungwa na madeni yakafutwa, kinga ya mtu inabadilika sura, na hapa ndipo wengi hukamatwa bila habari. Amri ya kufuta madeni inawakataza wadai kudai tena, lakini sheria haikuweka kifungu kama kile cha 362(k) kwa mwenye kuivunja. Inabidi mtu aombe mdai aadhibiwe kwa kudharau amri ya mahakama. Juni 2019, katika kesi ya Taggart dhidi ya Lorenzen iliyotoka Oregon, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba mdai ataadhibiwa pale tu ambapo hapakuwa na msingi wa haki wa kutilia shaka kwamba amri inamkataza. Mahakama ya ufilisi ilikuwa imeagiza walalamikiwa walipe zaidi ya dola 105,000 za ada na gharama za wakili, dola 5,000 za maumivu ya moyo na dola 2,000 za adhabu. Tazama uwiano huo: karibu zote ni za wakili. Agizo hilo likatenguliwa njiani.

Jaji Stephen Breyer, aliyeandika uamuzi ule, alifuata kanuni za kale za kudharau amri, na sina ugomvi na kanuni hizo kwa wanaojadiliana kwa haki. Lakini mzigo wa shaka umeangukia begani mwa aliyesamehewa. Kampuni zinazonunua madeni ya zamani kwa wingi hupokea orodha ndefu za majina, na aliyefutiwa deni miaka mingi nyuma anaweza kupokea barua mpya yenye nembo asiyoijua. Kesi kama hizo nyingi hazina shaka yoyote. Zile zenye shaka kidogo, mawakili watasita kuzichukua.

Kuna wadai wengine walioponyoka kwa njia tofauti. Jiji la Chicago lilikuwa likishikilia magari ya watu waliolimbikiza faini, na waliofilisika wakaomba warudishiwe ili waweze kwenda kazini. Januari 2021 Mahakama ya Juu ilisema kuendelea tu kushikilia mali iliyochukuliwa kabla ya shauri hakuvunji ile sehemu ya zuio inayokataza kutawala mali ya mufilisi. Jaji Sonia Sotomayor aliafiki, lakini akaeleza kwa uchungu jinsi kukosa gari kunavyomfunga mtu asiweze kufanya kazi na kulipa madeni hayohayo. Tangu Desemba 2024 kanuni zinamruhusu mtu kuomba arudishiwe mali kama hiyo kwa ombi la kawaida badala ya kufungua kesi ndefu ndani ya shauri. Ni nafuu ya kweli, ingawa fidia ya siku zilizopotea bado ni ngumu kuipata.

Kwa aliye katikati ya jambo hili leo, neno langu ni moja: andika. Majaji hukata ada za wakili aliyekimbilia kortini bila kumpigia mdai simu hata moja, na hukata fidia ya mtu asiye na kumbukumbu. Usitegemee kurekodi simu, maana California na majimbo mengine yanataka wote wanaozungumza wakubali kurekodiwa. Weka bahasha zenye mhuri wa posta. Weka karatasi za mshahara. Nunua daftari na uandike siku, saa, namba iliyopiga, jina la aliyepiga na alichosema. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi: Jumanne, saa 2:40 asubuhi, mwanamume aliyejitambulisha kwa jina moja tu, nimemtajia namba ya shauri langu na mahakama, amejibu kwamba kompyuta yake haionyeshi kitu. Taarifa hiyo ya mdomo inatosha kumjulisha mdai. Kuanzia dakika hiyo, kila simu itakayofuata ni ya makusudi.