“Usizime, kuna wageni”

Kompyuta yangu ya mkononi ilijaa. Ilianza kwa kunionya kistaarabu, ikaishia kukataa kuhifadhi hata makala ya maneno mia tano. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, ambako ukiulizia “kwa Mama wa redio” watoto wanakufikisha mpaka mlangoni.

Juu ya meza yake ya kazi, kati ya redio za zamani zilizofumuliwa matumbo, palikuwa na rafu ya mbao, na juu ya rafu kisanduku cheusi chenye unene wa kamusi, taa yake ya kijani ikipepesa. Chini yake kilibandikwa kipande cha boksi la sabuni kilichoandikwa kwa kalamu nene: USIZIME, KUNA WAGENI.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Imeharibika nini?”

Nikamkabidhi kompyuta, macho yakabaki rafuni. Nikamuuliza ni wageni gani hao.

“Wengi tu,” alisema bila kuinua kichwa. “Kaa, utawaona.”

Kompyuta yangu ilipona kwa nusu saa. Kile kisanduku kilinirudisha pale mara tatu nyingine.

Ameomba jina lake lisiandikwe. Wateja wanamwita Fundi, basi na mimi nitamwita hivyo. Kisanduku ni kompyuta ya ofisi, mtumba, ya zile zinazoshuka kwa makontena, na ndani yake anaendesha mtandao wa kijamii wenye mwanachama mmoja, yeye mwenyewe. Programu ni Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Yeyote anaweza kuisimika kwake bure, na seva zikaongea zenyewe kwa zenyewe kama barua pepe zinavyoongea. Habari za Oktoba 2022 mnazijua: Elon Musk akainunua Twitter, watu wakahama makundi kwa makundi. Fundi naye alihama mwezi uliofuata, ila hakutafuta seva ya mtu ya kuingia.

“Nimepanga nyumba miaka kumi na sita,” aliniambia. “Kupanga nakujua.”

Nilimuuliza swali la kijinga, na ndilo lililozaa makala haya. Mtu mmoja anayeandika mara mbili tatu kwa wiki kuhusu redio anahitaji diski kubwa kiasi gani? Akanigeuzia skrini. Vitu vyake mwenyewe, picha zote za redio alizowahi kutuma, vilikuwa GB 1.3. Vya watu wengine vilikuwa GB 74.

Anawafuata watu kama mia tatu, wengi wao mafundi wa redio za kale walioko Japani, Kanada, Uholanzi. Mmoja wao akituma picha, seva ya Ngamiani inaivuta na kujiwekea nakala, kubwa na ndogo. Akisambaza posti ya mwenzake, ya mwenzake nayo inakuja. Yeye mwenyewe akijibiwa, waliojibu nao huweza kuingia, kila mmoja na sura yake na ile picha pana ya juu ya ukurasa wake. Hakuna aliyewaalika. Waliobuni hivyo walikuwa na busara yao: seva ndogo ya mtu isilemewe na watazamaji wote kwa mara moja, na anwani ya intaneti ya mtazamaji isifike kwa kila asiyemjua. Programu nyingine hazina mzigo huu, au zinao kidogo zaidi. Pleroma kwa kawaida haitunzi nakala za picha za wengine, na GoToSocial ni nyepesi kwa jumla. Fundi anazijua zote mbili. “Nimeshazoea hii,” ndilo jibu pekee alilonipa, na sikulisadiki sana.

Mlango wa seva yenyewe kwenye intaneti hauko Tanga. Intaneti ya nyumbani haimpi anwani yake peke yake, kwa hiyo amekodi seva ndogo Ujerumani. Kazi yake ni kupokea na kupitisha kila kitu kwa njia iliyofungwa hadi rafuni. Kukodi diski kubwa kule ni pesa ya kila mwezi, na hapa ana diski za bure alizozitoa kwenye mashine za wateja zilizokufa. Mlango uko Ujerumani, ghala liko Ngamiani, na kila redio ya Mjapani inayoingia inapita baharini na kulipiwa bando.

Siku ya pili alinifungulia ghala. Nilitegemea kukuta orodha ya picha. Nikakuta namba: folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na tarakimu tatu, 113, ndani yake 482, ndani yake 907, unashuka hivyo ngazi sita mpaka ufike kwenye picha moja ya mtu mmoja. Nikamwambia imepangwa ovyo. Akacheka, akachukua risiti, akaigeuza nyuma na kuanza kupiga hesabu.

Kumbe namba hizo zimetoka kwenye saa. Programu inachukua milisekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, inazizidisha mara 65,536, kisha mwishoni inaongeza kitu kidogo cha kuzuia namba mbili zisifanane. Inatoka namba ya tarakimu kumi na nane, inakatwa tatu tatu, na vipande vinageuzwa folda. Ndiyo maana tarakimu tatu za mwanzo hubadilika kila baada ya siku 176 hivi, karibu miezi sita. Nilirudia hesabu kwenye simu yangu pale pale, maana sikuamini. Alikuwa sahihi. Folda 113 ilifunguka Agosti 2024. Folda 109 ilianza katikati ya Septemba 2022, ikafungwa Machi 2023.

“Kwa hiyo 109 ni wale waliohama Twitter,” nikasema, nikijiona nimeshaelewa.

“Hapana. 109 ni waliofika kwangu siku hizo. Mwingine yuko Mastodon tangu 2017, lakini mimi nilimwona mara ya kwanza usiku ule naanza. Saa ni ya kwangu, si ya kwake.”

Tukaingia kwenye 109 ya sura, picha za wasifu. Nilikaa pale hadi adhana ya alasiri. Paka wa rangi ya chungwa amekunja mkia. Mzee wa ndevu nyeupe, barakoa imeshushwa kidevuni. Binti mwenye joho la mahafali, jua limemwingia machoni. Katuni ya samaki. Mwanamume anayekata keki. Mkono wa mtu mwingine, asiyeonekana, umemshika begani. Mbwa. Mbwa mwingine. Seva ya Fundi inawajua watu elfu arobaini na ushei, na anaoweza kuwataja kwa jina, anasema, labda mia.

“Huyu wa keki alijibu posti ya mtu ninayemfuata, Desemba 2022. Maneno manne. Sijamwona tena.”

Picha ya keki ipo Ngamiani tangu siku hiyo.

Si kwamba hasafishi. Kila usiku saa tisa, mashine inaendesha amri aliyoipa jina “jembe”. Inafuta picha na video za watu wengine zilizopitisha siku tatu. Amri yenyewe, usipoitajia idadi, huhesabu siku saba. Nilimuuliza kwa nini tatu, akanitazama kama mtoto asiyejua methali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukitaka kuiona tena picha iliyofutwa, unaifuata ilikotoka.

Lakini jembe haligusi sura za wasifu. Hizo zina amri yake ya pekee, inayowaondoa wale wasiofuatana na mtu yeyote wa seva hii. Fundi anaijua kwa moyo. Hajawahi kuipiga.

Mwaka 2023 seva iliyoitwa mastodon.lol ilifungwa, mwenye nayo alichoshwa na chuki na mabishano, na maelfu ya watu wakatakiwa kutafuta pa kwenda. Baadhi ya sura zao zimo ndani ya 109. Wakihama, wengi walibadili picha. Ile ya zamani haiwezi kuvutwa tena, kwa kuwa ilikokuwa hakupo tena.

“Nikiifuta hii, imekwisha,” alisema, kidole kikiwa kwenye kitufe cha mshale, si kwingine. “Labda mwenyewe anayo. Labda hana.”

Nikamuuliza kinyume chake. Je, kama mwenyewe alitaka ifutwe?

Hapo alinyamaza kidogo. Mtu akifuta posti yake, seva yake hupeleka ujumbe kwa seva nyingine kuzitaka nazo zifute. Ikimkosa mpokeaji hurudia kwa siku kadhaa, na asipopatikana siku saba humhesabu kuwa hayupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja na Tanzania ikaumia vibaya. Kwa siku kadhaa kisanduku cha Fundi kilikuwa kinapumua tu. Kuna watu, mahali fulani, waliofuta kitu wiki ile. Ujumbe wao ulibisha hodi mlango wa Ujerumani, na nyuma ya mlango hapakuwa na mtu.

“Jembe linafuta picha. Maneno halifuti,” alisema. “Yamo humu, hata ya wale waliojuta.”

Nilimtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ameisoma. Anasema haimwambii kama mama mwenye rafu ya mbao ni mkusanyaji wa taarifa au ni mtu aliyeachiwa mizigo. Kinachomnyima usingizi zaidi ni kwamba picha mbaya, hata ya uhalifu, inaweza kulala kwenye diski yake siku tatu bila yeye kuifungua. Baada ya hapo alihamisha mazungumzo kwenye bei ya spika, nami nikamwacha.

Kuna usiku mmoja diski ilijaa kabisa na hifadhidata ikagoma. Alifuta maelfu ya posti za zamani, nafasi haikurudi. PostgreSQL, programu ya hifadhidata hiyo, ndivyo ilivyo: ukifuta mistari, nafasi inabaki kwake ikisubiri mistari mipya. “Ukitoa magunia, ghala halisinyai,” alisema. Kulisinyaza kwenyewe kunadai ujenge ghala jipya pembeni kwanza, na pembeni hapakuwa na nafasi. Alizima, akafunga diski kubwa zaidi, akahamisha kila kitu mpaka alfajiri. Kile kipande cha USIZIME kilibandikwa asubuhi ile.

Siku ya mwisho nilimuuliza kama na yeye ni mgeni kwa watu. “Lazima,” alisema. Redio zake na sura yake viko kwenye diski za watu asiowajua, Kanada, Japani, kwingineko. Hajui ngapi. Hajui nani kati yao ana jembe.

Ile amri asiyoipiga ina namna ya kujaribiwa: unaiambia ihesabu tu bila kufuta. Anaiendesha hivyo kila mwisho wa mwezi na kuandika jibu kwenye daftari la madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma. GB 4. GB 6. GB 9. Siku ile ilisema 11. Akaandika 11, akapiga mstari chini yake, akafunga daftari, akaniuliza kama nina chenji ya elfu kumi.