Mbio za msaada wakati wa baridi

Katika mji wa Buffalo, Marekani, watu hukimbia karibu kilometa 8 kila Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Mbio hizo za YMCA zilianza mwaka 1896, na pesa zake husaidia kazi ya chama hicho. Wakongomani wengi wamehamia mji huo, na baridi yake wanaijua.

Ndugu wa huko wakiombwa kusaidia, wasimhofie sana mkimbiaji aliye njiani: mwili wake unajitia joto. Hatari inamngoja akifika. Amelowa jasho, amesimama, upepo unamnyang'anya joto upesi. Nguo kavu, blanketi na chai ya moto viwe palepale anapomalizia. Akitetemeka na kuongea kama mlevi, aingizwe ndani, avuliwe nguo mbichi, daktari aitwe.

Na wanaogawa maji? Hao husimama muda mrefu bila kutoka jasho, na mara nyingi ndio wanaosahauliwa. Wapokezane kila nusu saa. Maji yanayomwagika hugeuka barafu, basi chumvi inyunyizwe pale. Barafu ikifunika njia yote, mbio ziahirishwe, hata kama pesa zimekwisha kulipwa.