Mihadhara ya Darcy: Jinsi elimu ya maji ya ardhini inavyozungushwa duniani

KILA mwaka mtaalamu mmoja wa maji yaliyo chini ya ardhi hupewa jukumu la kusafiri kutoka chuo hadi chuo na nchi hadi nchi, akitoa mihadhara kwa wanafunzi, walimu na wahandisi. Utaratibu huo, unaojulikana kama Mihadhara ya Darcy, ulianzishwa mwaka 1986.

Kwa wakazi wa miji ya pwani, ambako kisima cha maji baridi kinaweza kugeuka kuwa cha chumvi, yanayozungumzwa katika kumbi hizo si mambo ya wasomi pekee.

Mwandaaji ni NGWA, chama cha Marekani kinachowaunganisha wataalamu wa maji ya ardhini na wachimbaji wa visima. Jopo la wanasayansi na wahandisi humteua mhadhiri wa mwaka, na mfuko wa hisani wa chama hicho huufadhili mpango huo. Mhadhiri huandaa mada chache, na taasisi inayotaka kumpokea hupeleka maombi na kuchagua mada inayoifaa.

Jina la mihadhara hiyo linamuenzi Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1803 na kufariki mwaka 1858. Mwaka 1840 alifikisha maji ya chemchemi katika mji wa Dijon kwa mfereji uliofunikwa, wenye urefu wa takriban kilometa 12.

Baadaye, mwaka 1855 na 1856, alipitisha maji katika silinda iliyojazwa mchanga. Alibaini kuwa kiasi cha maji yanayopita hutegemea tofauti ya kimo cha maji kati ya upande mmoja na mwingine, umbali yanaosafiri na aina ya mchanga wenyewe. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa kukadiria kisima kitatoa maji kiasi gani.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu asafiri ilhali matokeo ya utafiti huchapishwa majaridani? Sababu mojawapo ni tabia ya maji yenyewe. Mto ukipungua, kila mtu huona. Maji ya ardhini hayaonekani, na mtaalamu hulazimika kutumia vipimo vya visima vichache kukisia hali ya eneo kubwa. Makisio ya namna hiyo huhitaji kuhojiwa ana kwa ana, takwimu za mahali husika zikiwa mezani.

Mfano mzuri ni mhadhiri wa mwaka 2011, Stephen Silliman, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani. Mada zake zilihusu nchi ya Benin, ambako alifanya utafiti pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi.

Mji wa Cotonou nchini humo hutegemea visima vya Godomey, vilivyo karibu na Ziwa Nokoué, ambalo maji yake huchanganyika na ya bahari. Maji ya visima yakivutwa kupita kiasi, chumvi husogea kuelekea visimani. Aidha, katika vijiji vya nchi hiyo, wakazi walifundishwa kuchukua sampuli na kuyapima maji yao wenyewe.

Hivyo basi, somo lililozungushwa vyuoni mwaka huo lilitoka Afrika. Lilionyesha kuwa vipimo vya kuaminika vinaweza kupatikana hata penye maabara chache, mradi wenyeji washirikishwe na vipimo vyao vihakikiwe.

Hali ya Cotonou haiko mbali na ya Afrika Mashariki. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji kutangazwa Dar es Salaam, visima virefu vya Kigamboni vilitegemewa kuliokoa jiji. Tafiti zimekwishaonyesha kuwa maji ya bahari yamepenya katika baadhi ya visima vya jiji hilo vilivyo karibu na ufuko. Nchini Kenya, ukanda wa Mombasa hutegemea kwa sehemu kubwa visima vya Tiwi na Baricho.

Hata hivyo, mhadhara wa saa moja hauchimbi kisima wala hauzuii chumvi. Janga la Korona la mwaka 2020 lilipofunga mipaka, mihadhara mingi ilihamia kwenye intaneti, na ikadhihirika kuwa maneno yanaweza kufika bila ndege. Kinachompa mgeni sababu ya kupanda ndege ni kazi atakayoikuta.

Kwa chuo au mamlaka ya maji inayofikiria kumwalika mhadhiri wa aina hiyo, maandalizi yenye faida ni kukusanya kumbukumbu za visima: kina cha maji, kiwango cha chumvi na kiasi kinachovutwa, mwezi hadi mwezi. Penye kumbukumbu hizo, mgeni huweza kuulizwa swali la mahali hapo na kulijibu. Pasipo nazo, wenyeji watasikia habari za nchi nyingine, naye ataondoka bila kujua kisima chao kimebakiza miaka mingapi.