Michezo ya Kompyuta na Heshima ya Watu Asilia

Ipo michezo ya kompyuta inayomkabidhi mchezaji taifa la kale ili alikuze: ajenge miji, aunde majeshi na kutwaa ardhi. Vijana wengi hukutana na historia humo kabla ya kuikuta vitabuni. Kwa hiyo wazazi na walezi wanapaswa kufahamu jinsi michezo hiyo inavyowaonesha watu asilia.

Mwaka 2018, mchezo wa Civilization VI ulimwingiza Poundmaker, kiongozi wa watu wa Cree nchini Kanada. Mwaka 1885, jeshi la serikali liliposhindwa katika mapigano ya Cut Knife, yeye aliwazuia wapiganaji wake wasiwafuatie askari waliokuwa wakikimbia. Hata hivyo alifungwa kwa kosa la uhaini, na ni mwaka 2019 tu serikali ya Kanada ilipomtangaza kuwa hana hatia. Mchezo ulimpa sifa ya upatanishi na biashara. Lakini Milton Tootoosis, kiongozi katika jamii ya Poundmaker, aliupinga hadharani. Alieleza kwamba unaendeleza dhana kuwa watu wake walikuwa na tamaa ileile ya wakoloni, yaani kushinda wengine na kutwaa ardhi yao.

Hoja hiyo ni nzito. Sura na mavazi yanaweza kuwa sahihi, huku kanuni za mchezo zikipotosha ukweli. Katika Europa Universalis IV, maeneo mengi ya Amerika huhesabiwa wenyeji wake, lakini huoneshwa kana kwamba hayana mwenyewe, yakingoja kutawaliwa.

Kanisa linalifahamu jeraha hili. Mwaka 1537, Papa Paulo III alifundisha katika hati ya Sublimis Deus kwamba watu asilia wasinyang'anywe uhuru wala mali zao. Lakini hati nyingine za Kipapa za karne ya 15 zilitumiwa na watawala kuhalalisha unyakuzi. Tarehe 30 Machi 2023, Vatican ilitamka wazi kwamba inayakataa mawazo yajulikanayo kama “fundisho la ugunduzi”.

Njia ya kurekebisha ni kuwasikiliza wahusika. Viongozi wa Pueblo wa Marekani walipokataa shujaa wao Popé atumiwe katika Civilization V, watengenezaji waliwaacha. Mwaka 2020, toleo jipya la Age of Empires III, likishauriwa na watu asilia, liliacha majina ya Iroquois na Sioux na kutumia Haudenosaunee na Lakota, majina wanayojiita wenyewe.

Wapendwa wazazi na makatekista, si lazima kuwakataza vijana michezo hii. Keti karibu nao, uwaulize: Kabla ya mchezo kuanza, ardhi hii ilikuwa ya nani? Je, watu hao wangekubali kusimuliwa hivi? Kila mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na heshima hiyo inamstahili hata pale anapochorwa kwenye skrini.