Kazi Isiyohifadhiwa: Umeme Unapokatika Ogembo

Nyanda za juu za Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na aghalabu mvua hiyo hunyesha alasiri ikiandamana na radi. Umeme unapokatika mjini Ogembo, mwanafunzi aliyekuwa katika saiba akinukuu nyimbo za obokano alizozirekodi vijijini hubaki akikitazama kiwambo cheusi. Kurasa alizozichapa bila kuzihifadhi zimekwenda wapi? Swali hili si dogo kwa mtafiti wa fasihi simulizi, kwani mara nyingi nukuu hiyo ina maelezo ya mzee kuhusu msamiati wa kale, maelezo ambayo hayamo katika kanda.

Yafaa kutofautisha hifadhi mbili za tarakilishi. Maneno yanayochapwa hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mara umeme unapokatika. Diski kuu, kwa upande wake, hudumisha kilichoandikwa juu yake hata mashine ikizimwa. Programu za uandishi kama vile Word na LibreOffice huandika nakala ya dharura kwenye diski kila baada ya muda fulani. Katika Word muda huo ni dakika 10 iwapo hakuna aliyeubadilisha. Kwa hivyo kinachopotea kabisa, mara nyingi, ni dakika chache za mwisho, wala si kazi ya alasiri nzima.

Hata hivyo, nakala hiyo kwa kawaida huwekwa katika mashine ileile iliyotumika, si katika flashi ya mwanafunzi. Hapa ndipo wengi hujiponza. Umeme urudipo, anayekimbilia tarakilishi ya jirani kwa kuwa imewaka mapema huiacha kazi yake nyuma. Arudi palepale, aifungue programu ileile, naye huenda akaoneshwa orodha ya hati zilizookolewa. Achague yenye saa ya karibuni zaidi na aihifadhi kwa jina jipya kabla ya kusahihisha hata nukta. Orodha isipojitokeza, matoleo ya Word tangu 2010 yana sehemu ya kurejesha hati zisizohifadhiwa chini ya menyu ya faili. Aidha, faili zenye majina yanayoishia kwa .asd zaweza kutafutwa katika diski.

Lipo tatizo la saiba hasa. Baadhi ya wenye saiba huweka programu inayoirejesha tarakilishi katika hali yake ya awali kila inapowashwa, ili kujikinga na virusi. Kinga hiyo (nzuri kwa mwenye mashine!) hufagia nakala ya dharura pamoja na virusi, na hapo hakuna fundi wa kutumainiwa. Mhudumu aulizwe kuhusu jambo hili kabla ya neno la kwanza kuchapwa. Akikubali kuwa programu hiyo ipo, hati ihifadhiwe katika flashi tangu mwanzo, kisha Ctrl na S zibonyezwe kila ubeti unapokamilika, hasa mawingu yanapotanda.